Baba Naye Alikuwa Mtoto wa Mtu

Mhadhara uliotolewa kwa walimu, wanafunzi na wazazi, Kisumu



Nawashukuru kwa kuniita niseme juu ya baba zetu waliotangulia, hasa wale ambao kuishi nao hakukuwa rahisi. Waandalizi waliniachia nichague mfano, nami nimechagua nyumba moja isiyo mbali na hapa, huko Nyang'oma Kogelo, Kaunti ya Siaya. Kwamba mwana mmoja wa nyumba hiyo alitawala Marekani, hilo si shauri langu leo. Nimeichagua kwa sababu watoto wake wamesema hadharani juu ya baba yao kwa uwazi ambao sijauona katika nyumba nyingine ya nchi hii, na kwa sababu waliyoyasema hayafanani.

Barack Obama baba aliondoka Kenya mwaka 1959 kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii, akiwa Mwafrika wa kwanza kusoma pale. Nyumbani alimwacha mke mwenye mtoto mmoja na mimba ya pili. Huko Honolulu alimwoa Ann Dunham mwanzoni mwa mwaka 1961, na Agosti mwaka huo wakapata mtoto wa kiume aliyepewa jina la baba yake. Mwaka uliofuata baba akaenda Harvard. Mtoto hakumtia machoni tena mpaka Desemba 1971, alipokuwa na miaka 10, na ziara yenyewe ilichukua kama mwezi mmoja. Baba alikuja akichechemea, ameshika bakora. Alimletea mwanawe mpira wa kikapu. Alikwenda darasani kwake akawaeleza watoto habari za Kenya wakatulia kumsikiliza. Vilevile alimwamuru azime televisheni akasome, nyumba nzima ikaingia ugomvi. Kisha akaondoka. Novemba 1982 alifariki katika ajali ya gari Nairobi, na mwanawe, wakati huo mwanafunzi New York, akaambiwa kwa simu.

Huyu ndiye baba ambaye Obama mwana alimwandikia kitabu kizima, Dreams from My Father, kilichotoka mwaka 1995. Tazameni alichokuwa nacho mkononi alipoanza: mwezi mmoja wa utotoni, barua chache, na hadithi za mama na wazazi wa mama. Hadithi hizo zilimpamba. Baba ana sauti nzito, baba ana akili, baba haogopi mtu. Baba asiyekuwepo nyumbani hakosei. Hachelewi kurudi, halewi, hampigi mtu. Kijana akaukulia mfano huo, akijipima nao kila siku na kujiona amepungukiwa.

Aliyeuvunja mfano huo ni dada yake, Auma, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alipomtembelea Chicago katikati ya miaka ya 1980. Auma aliishi na baba Nairobi. Alimsimulia mdogo wake habari za mtu aliyekuwa na cheo na gari na marafiki wakubwa, kisha akaachishwa kazi serikalini, marafiki wakaanza kupotea mmoja mmoja. Usiku alikuwa akirudi amelewa, anamwamsha binti yake, anamlalamikia jinsi alivyosalitiwa, na yule msichana ana usingizi, haelewi neno.

Hapa niseme jambo la historia, kwa sababu bila hilo tutamwona mlevi tu. Julai 1965, katika jarida la East Africa Journal, Obama baba alichapisha makala ya kuukosoa waraka mkuu wa uchumi wa serikali, ule Sessional Paper namba 10 wa mwaka huo huo uliohusu ujamaa wa Kiafrika. Aliuliza kwa nini waraka unaojiita wa ujamaa hausemi kwa uwazi namna ya kuzuia mali isikusanyike mikononi mwa wachache. Serikali ilikuwa na umri wa miaka isiyofika miwili, naye anaikosoa kwa jina lake mwenyewe. Ulinzi aliokuwa nao ulikuwa urafiki wake na Tom Mboya, ambaye wizara yake ndiyo iliyoshughulikia waraka wenyewe. Mboya akauawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Obama baba alizungumza naye barabarani muda mfupi kabla ya mauaji, akasimama kortini kutoa ushahidi. Mimi nimeisoma ile makala zaidi ya mara moja. Aliyeiandika alikuwa na akili kali na kiburi kikubwa, na sidhani kama angeweza kuiandika bila vyote viwili. Kiburi hicho hicho ndicho walichokula nacho sahani moja watoto wake.

Lakini hayo yote bado yanatueleza mtu mzima. Obama mwana alikuja Kenya kwa mara ya kwanza kabla hajaingia Harvard kusomea sheria mwaka 1988. Alipofika Kogelo aliketi na nyanya, Mama Sarah, ambaye hakumzaa baba yake bali ndiye aliyemlea. Nyanya alisimulia kwa Kijaluo, Auma akitafsiri. Naomba tukae hapa kidogo, maana kwangu mimi huu ndio moyo wa kitabu.

Nyanya hakuanza na Barack. Alianza na Onyango, baba yake Barack. Kijana wa Kendu aliyeondoka nyumbani akaenda kuwatafuta Wazungu, akarudi amevaa suruali na shati, baba yake mzazi akamwona amejitia najisi, akawaonya ndugu zake wasimkaribie. Onyango akawa mpishi wa Wazungu Nairobi, akatumikia jeshi la King's African Rifles, akaishi Zanzibar, akasilimu na kuitwa Hussein. Aliporudi alikuwa mtu wa usafi na utaratibu uliotisha jirani na watoto. Chakula kwa wakati, mikono kunawa, sauti ya mtoto isisikike mgeni akiwapo. Mke wake Akumu, aliyemzaa Barack, akashindwa na ukali huo. Akatoroka usiku akirudi kwao Kendu, akiwaacha watoto.

Kwa mujibu wa nyanya, Barack alikuwa na miaka tisa. Yeye na dada yake mkubwa wakaondoka nyumbani kumfuata mama kwa miguu. Walitembea karibu majuma mawili, wakilala vichakani, wakiomba chakula, mpaka wakaonekana wamekonda na kurudishwa kwa baba. Kuanzia hapo, alisema nyanya, Barack alijifanya kama hana mama mwingine.

Fikirini kijana wa Chicago anayasikia haya. Miaka yote amekuwa akiuliza: kwa nini baba aliniacha? Sasa anaambiwa kwamba baba huyo, akiwa na umri karibu sawa na aliokuwa nao yeye siku ile ya mpira wa kikapu, aliachwa na mama yake, akamtafuta njiani, akamkosa. Baadaye akaingia shule ya Maseno, akang'ara, akafukuzwa kwa utundu. Onyango akampiga kwa fimbo mpaka mgongo ukachubuka, akampeleka Mombasa akafanye kazi ya ukarani ajue thamani ya elimu. Akagombana na mwajiri, akaacha kazi. Akapata nyingine ya mshahara mdogo. Wenzake wa Maseno wanakwenda Makerere, yeye yuko Nairobi ana mke na watoto wako njiani. Hapo walimu wawili wanawake wa Kimarekani wakamtia moyo asome kwa njia ya posta, naye akaanza kuviandikia vyuo vya Marekani, barua baada ya barua.

Nyanya alikuwa amezihifadhi nakala za barua hizo. Alimletea mjukuu lundo lake, pamoja na kijitabu chekundu kilichochakaa: kitabu cha usajili wa mtumishi wa nyumbani alichotakiwa Onyango kukibeba enzi za ukoloni. Ndani mna alama za vidole, maelezo ya umbo lake, mpaka idadi ya meno aliyopungukiwa. Kisha maneno ya waajiri mmoja baada ya mwingine. Wengi wanamsifu kwa upishi na usafi. Mmoja anaandika kuwa hafai, wala hastahili mshahara anaolipwa.

Nimefanya kazi ya kutunza nyaraka maisha yangu yote, nanyi mtanisamehe nikisema kwamba vitu hivi viwili, kijitabu cha babu na barua za baba, vinanigusa kuliko hotuba yoyote ya mwana. Babu alipimwa kwa maneno ya wageni katika kitabu ambacho hakuruhusiwa kukiacha nyumbani. Baba akakaa mezani akaandika kwa wageni wengine wa mbali, akijieleza mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe, akiomba apokelewe. Na mjukuu, aliyekua bila yeyote kati yao, akawa mtu wa kujieleza kwa kalamu kabla hajawa mtu wa siasa. Hakufundishwa hilo na baba yake. Mwezi mmoja hautoshi kumfundisha mtu chochote. Hata hivyo, alipovishika vile vikaratasi alitambua kwamba hicho ndicho alichorithi. Alikwenda akaketi kati ya makaburi mawili, la babu na la baba, akalia.

Alichokipata pale kaburini hakikuwa sababu ya kumtetea baba. Tarehe 15 Juni 2008, Siku ya Akina Baba, akiwa mgombea wa urais, alisimama katika kanisa moja Chicago akawakemea wanaume wanaozaa na kuondoka, akataja kwamba yeye mwenyewe alilelewa bila baba. Hajabadilisha kauli hiyo. Alichokipata, nionavyo mimi, ni kipimo sahihi. Mtoto humpima baba kwa urefu wa baba, yaani mtu mzima aliyekwisha kukamilika, mwenye uwezo wote, aliyeamua tu kutompenda. Hapo hasira haina mwisho kwa sababu haina pa kushika. Siku baba anapoonekana kama mtoto wa mtu, mwenye miaka tisa, miguu imevimba, njiani kwenda Kendu, hasira inapata mipaka yake. Unajua hili ni kosa lake, lile alilikuta, na hili lingine ni langu mimi, nimelibeba pasipo kujua limetoka wapi.

Kwetu mambo haya hukatizwa mapema. Baba akifa, msiba una kamati, kamati ina mtu wa kuandika wasifu wa marehemu. Unapigwa chapa na picha yake ya ujana: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliwapenda watoto wake wote, alikuwa mcha Mungu. Mbele ya jeneza wanaketi watoto ambao hawamjui mtu anayesomwa pale. Wanainamisha vichwa kwa sababu marehemu hasemwi vibaya. Adabu hiyo naiheshimu, na siku ya mazishi si siku ya kesi. Ila naona hasara yake. Tukishamzika mtu ambaye hakuwahi kuishi, yule aliyeishi anabaki hana kaburi, na anaendelea kutawala nyumba. Nimewaona wanaume wa miaka hamsini wanaowafokea wake zao kwa sauti ya mtu aliyekufa zamani.

Sasa niseme juu ya baba yangu, kwa ufupi, kwa kuwa sitaki nyumba ya wengine ibebe peke yake uzito wa mhadhara huu.

Baba alikuwa karani wa stesheni katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kisha katika reli ya Kenya. Tulihamahama naye: Makindu, Voi, Nakuru, mwisho hapa Kisumu. Hakuwa mlevi na hakutuacha. Ugumu wake ulikuwa wa hesabu. Kila jioni mama alitakiwa aeleze senti ilivyotumika, mbele yetu sisi watoto, na palipokosekana karatasi ya kuonyesha, baba aliuliza kwa sauti ya chini, "Risiti iko wapi?" Kwa nyanya za sokoni hakuna risiti, kila mtu anajua hivyo, naye alijua. Mama alisimama mlangoni na leso yake begani akijieleza kwa mume kama mshtakiwa. Sisi tulidaiwa risiti ya daftari, ya kalamu, ya nauli. Nilipoteza moja ya ada nikiwa darasa la saba, akanilaza nje. Alizihifadhi zote katika mikebe ya biskuti, mwaka kwa mwaka, zimefungwa kwa uzi. Tulimwogopa na, nitasema ukweli, hatukumpenda.

Alipofariki, ni shangazi yangu aliyenieleza, baada ya matanga, wageni walipokwisha kuondoka. Nilimuuliza tu kwa nini mtu ahifadhi risiti ya kiberiti. Shangazi akanyamaza, kisha akasema, "Kwani hukuambiwa babu yako alivyokamatwa?" Zama hizo za ukoloni kila mwanamume Mwafrika alilipa kodi, na asiyeweza kuonyesha stakabadhi alikuwa mhalifu. Babu alikuwa amelipa. Karatasi ililowa mvua, ikaharibika. Askari wa chifu wakamkuta sokoni, akaapa kwamba amelipa, wakamfunga kamba mikono, wakampeleka kuchimba barabara. Baba alikuwa naye, ameshika kikapu, mtoto mdogo. Alirudi nyumbani peke yake kuwaambia watu. Babu alirejea baada ya muda mrefu akiwa na kifua kibovu, na hakupona vizuri.

Baba hakutaja kisa hicho hata siku moja. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayesimama mbele ya mwenye nguvu bila karatasi. Sisi tuliona ubahili na ukatili. Ulikuwepo ukatili, na mama ndiye aliyeubeba. Lakini chini yake palikuwa na mtoto mwenye kikapu.

Watu huniuliza nilifikaje kwenye kazi ya nyaraka, kazi isiyo na fedha wala sifa. Zamani nilijibu kwamba ni mapenzi ya historia. Jibu la kweli ni kwamba nimelelewa na mtu aliyeamini kwamba karatasi ikipotea mtu hupotea. Ninapoufungua mfuko wa mafaili ya wilaya fulani, yaliyoliwa na mchwa pembeni, na kukuta jina la mwanakijiji aliyelalamikia ardhi yake, mikono inayoligeuza lile jani ni yangu, uangalifu ni wa baba. Jinsi ninavyofunga uzi ni yeye. Hata ile hofu inayonipata nikiona karatasi imewekwa karibu na maji, hofu ambayo wenzangu kazini huishangaa, nilizaliwa nikaikuta nyumbani. Miaka mingi nilijitahidi kuwa kinyume chake. Nimekuwa kinyume chake katika jambo moja nililolichagua kwa makusudi: mke wangu haulizwi hesabu. Katika mengine mimi ni mwana wa karani wa stesheni, na kwa hilo sasa namshukuru.

Ndugu zangu, naomba nisieleweke kana kwamba kila mtoto anadaiwa shukrani hiyo. Nyumba ya Kogelo yenyewe inatukataza kusema hivyo. Yupo mwana mwingine, Mark, aliyezaliwa Nairobi na mama Mmarekani, Ruth. Yeye hakuachiwa hadithi zilizopambwa. Aliishi na baba chini ya paa moja, na mwaka 2009, alipotoa riwaya yake Nairobi to Shenzhen, alieleza hadharani kwamba baba huyo alimpiga mama yake na kuwapiga watoto. Kwa miaka mingi alilitumia jina la mume wa pili wa mama yake, Ndesandjo, na alipokutana na kaka yake Nairobi zamani zile alimweleza kwamba aliamua kutomfikiria baba kabisa. Baadaye alilirudisha jina la Obama kando ya lile la Ndesandjo. Alichukua muda wake, kwa hatua zake. Aliyemjua baba kwa mwezi mmoja alikwenda kumtafuta, na aliyemjua kwa miaka alihitaji kwanza kumkimbia. Wote wawili walikuwa na haki, na lau mmoja wao angemlazimisha mwenzake aone kama anavyoona yeye, angemdhulumu.

Kwetu pia iko hivyo. Mdogo wangu hataki habari za ile mikebe. Nilipomsimulia kisa cha babu alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni kisa cha huzuni, lakini yeye alilazwa nje mara nyingi kuliko mimi. Sikubishana naye, maana ni kweli.

Walimu mliopo hapa mnao wanafunzi wenye baba wa namna hii, walio hai na waliokufa. Msiwaandikishe insha ya "Baba Yangu Mpendwa". Watumeni kwa shangazi, watumeni kwa nyanya, wakaulize baba alikuwa mtoto wa namna gani, alimwogopa nani, alilala njaa lini. Mama Sarah alifariki tarehe 29 Machi 2021, akiwa na miaka 99. Kama mjukuu yule angengoja mpaka awe na nafasi, kama tunavyongoja sisi, nyanya angekwenda na Akumu na watoto wawili wa njiani wangekwenda naye, yangebaki yale ya kwenye wasifu tu. Na mkikuta makaratasi, msiyachome pamoja na godoro la marehemu. Yaleteni kwetu sisi tunaotunza, au yawekeni mahali pakavu.

Kuna swali ambalo huulizwa kila ninapozungumza jambo hili, basi nilijibu kabla halijaulizwa: je, nimemsamehe baba? Kwa usiku ule wa nje, ndiyo, zamani. Kwa jioni zile mama aliposimama mlangoni akidaiwa risiti ya nyanya, siwezi, kwa sababu si mimi niliyedaiwa. Kisa cha babu nimempelekea mama. Alikuwa hajawahi kukisikia, miaka yote ile ya ndoa. Aliniuliza habari za kikapu, kilikuwa na nini ndani, nami nikamwambia shangazi hakusema. Bado yuko hai, ana akili zake timamu, na akitaka kulisema lake juu ya mume wake atalisema mwenyewe.